Fahali wa Jukwaani

Maiti iliinuka, ikajipangusa vumbi magotini, ikawainamia watu.

Nawoi alikuwa amekwisha kuruka kutoka kwenye benchi. Nyuma yake watu waliangua kicheko.

"Kaa, dada," alisema Arek, muuza chai aliyeketi kando yake, akimvuta shuka. "Unaogopa nini? Huyo ni Bior. Anatengeneza simu pale karibu na kibanda yangu ya chai."

"Si wamemchoma mkuki?"

"Mkuki ya mbao. Hapa kila kitu ni mchezo tu. Wakimaliza wanaamka wote, wanakunywa soda."

Nawoi akaketi, akajicheka. Alikuwa ametoka Lodwar asubuhi, na hajawahi maishani kuona watu wakiimbiana mahali ambapo wangeweza kusema. Bior alikufa akiimba. Mama yake alimlilia kwa wimbo. Hata askari alipomkamata muuaji alimsomea mashtaka kwa ngoma na kinanda. Lilikuwa jambo la kijinga, na Nawoi alitaka liendelee.

Mumewe, Ekwam, ndiye aliyemwalika. Alifanya kazi ya mabomba ya maji hapa kambini Kakuma na kurudi Lodwar kila mwisho wa mwezi. Mwaka uliopita alitaka mke wa pili. Wazee wa ukoo walikaa na kumgeukia Nawoi, kwa kuwa kwao hakuna baba anayemtoa binti yake mpaka mke mkubwa ampake mafuta kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, na fahali achomwe mkuki. Nawoi aliukunja mkono ngumi, akawaonyesha. Mkutano ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo Ekwam hakulitaja tena jambo hilo. Alijiunga na kikundi cha maigizo, Waturkana na wakimbizi pamoja, akawa anaimba hata akioga. Nawoi aliona heri nyimbo.

Sasa Ekwam alitokea jukwaani amevaa manyoya ya mbuni kichwani, akimvuta fahali mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Watu walishangilia. Safu ya mbele, wazee fulani waliokalia vigoda vyao hawakushangilia. Hawakuwa wamecheka hata Bior alipofufuka.

"Wale ni nani?" Nawoi aliuliza.

"Sijui. Wamekuja na ng'ombe."

Bibi harusi aliletwa, shanga zimemjaa mpaka kidevuni. Ngoma zikanyamaza. Lueth, kijana mrefu aliyeongoza mchezo, akasogea mbele na kipaza sauti.

"Jamani, yule mama wa kuigiza mke mkubwa ameshikwa na malaria. Nani atatusaidia?"

Ekwam aliimba jibu, mkono ameunyoosha kuelekea kwa Nawoi. Umati wote ukageuka.

"Nenda, dada!" Arek alimsukuma. "Leo wewe ni staa!"

Nawoi alipanda huku akificha uso kwa shuka. Akapewa kibuyu cha mafuta. Alimtazama Ekwam, akamkonyeza. Mzaha wake aliuelewa vizuri. Yale aliyomnyima mbele ya wazee, alikuwa anayaomba kwa mchezo. Basi apewe kwa mchezo.

Alimpaka msichana kichwani, mabegani, kifuani, polepole, kama mtu anayejua kazi hiyo. Msichana alizishika shanga zake kwa mikono miwili.

"Unaigiza vizuri," Nawoi alimnong'oneza. "Unaitwa nani?"

"Asekon, mama." Hakuinua macho.

Vigelegele vililipuka. Mzee mmoja wa safu ya mbele alipanda kwa fimbo yake, akamtemea Nawoi mate ya baraka kifuani. Hata huyu naye, alifikiri Nawoi, wamemfundisha. Ekwam akatwaa mkuki, akamwongoza fahali nyuma ya turubai, na ngoma zikapigwa mpaka mabenchi yakatikisika.

Mchezo ulipokwisha, waigizaji walitoka mmoja mmoja kuinama. Bior alipigiwa makofi kuliko wote. Muuaji wake alimshika mkono. Ekwam hakutoka, wala bibi harusi.

Nawoi alizunguka nyuma ya turubai kumpongeza mumewe.

Hapakuwa na soda. Wazee walikuwa wamehamishia vigoda vyao huko na kuuzunguka moto. Asekon alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, mafuta bado yanamng'aa mabegani. Ekwam alikuwa anafuta mkuki kwa majani, na aliendelea kuufuta.

Mzee aliyemtemea mate alimpa mkono.

"Ejok, ni vyema, mama. Tulikuwa tumeambiwa umekataa. Kumbe ulitaka tu mashahidi wengi."

Nawoi aliuachia mkono wa mzee. Alimtazama yule fahali mwekundu, aliyelala ubavu juu ya matawi mabichi, akangoja ainuke.