Zulia la Kampuni

Nilikuwa nimeshabandua nusu ya zulia la plastiki chumbani, msimamizi wa nyumba za kampuni alipoingia bila hodi.

"Mzee, nani kakuruhusu kung'oa mali ya kampuni?"

"Binti yangu anahamia chumba hiki leo na kichanga chake. Nataka sakafu tupu, mkeka na godoro la sufi."

Akacheka. "Sufi? Wewe bado uko enzi za babu. Rudisha zulia, la sivyo mtahama nyote."

Gundi ilikuwa imenata vidoleni mwangu, nyeusi, inachoma pua kama siku ile walipolibandika. Mke wangu alikohoa juu ya zulia hili miaka miwili. Nilipokwenda ofisini kulalamika, huyuhuyu aliniambia ni vumbi tu, mke wangu hajui kufagia. Mimi sikusoma, lakini pua ninayo. Nilimzika mke wangu mwezi wa tatu.

"Sawa, bosi," nikamwambia. "Nitalirudisha. Ila kwanza lala hapo chini, uweke pua yako pale atakapotambaa mjukuu wangu."

"Una wazimu?"

Nikafunga dirisha. Nikaufunga na mlango, nikauegemea kwa mgongo.

"Lala, mwanangu. Hatuna haraka."