Jani la Tunu

Mti wa chuma ulikuwa umesimama juu ya meza ya fundi Ngwali, na majina ya ukoo wa marehemu mume wa Bi Nyamvula yamechongwa kwenye majani yake. Ulikuwa zawadi ya arusi ya bintiye wa kumzaa. Jani moja tu lilikuwa limelazwa pembeni. Hilo lilikuwa la Tunu, aliyeokotwa sokoni akiwa mchanga, Bi Nyamvula akamlea mpaka akawa mtu mzima.

“Shemeji yako alipita asubuhi,” alisema fundi bila kumtazama. “Anasema huyu si damu yao. Naona nilifunge kwa waya, mama. Wakilikataa, linafunguka.”

Bi Nyamvula akalichukua lile jani, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kanga.

“Mwanangu hafungwi kwa waya. Lichomelee.”

“Likishachomelewa, kulitoa ni kulikata tawi.”

“Najua. Na tawi hilo ndilo lenye jani la bibi arusi.”

Fundi akavaa miwani, akamwambia afumbe macho. Alipoyafumbua, kiungo kilikuwa bado chekundu. Hakungoja kipoe. Aliushika mti shinani, akashika njia ya nyumbani, ambako shemeji zake walikuwa wameshaketi.