Kiti cha Msibani

Atusaye alikipita kile kiti cha plastiki, akavua ndala, akaketi mkekani katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya mihogo.

Maongezi yakakatika.

Tangu ahamie hapa Kabwe, kijiji cha ziwani, kutoka Mbeya kuja kufundisha, kila msiba walimpa kiti pembeni, wakamletea chai na kumwita mgeni. Leo alikuja na kisu chake, amekifunga kwenye pindo la kanga. Akakifungua, akachukua muhogo.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia mzee aliyesimamia mapishi.

"Marahaba." Bibi aliukodolea macho muhogo uliokuwa mkononi mwa Atusaye. "Mwalimu, unamenya au unachonga mwiko? Nyama yote inaishia kwenye maganda!"

Hakuna aliyecheka. Pengine afadhali angebaki kwenye kiti, kulekule walikozoea kumweka. Akapunguza ganda, kisu kikamparuza kidole gumba, akakinyonya, akaendelea kumenya.

Mara akatokea daktari mpya wa zahanati, aliyeshuka na boti jana. Akasimama uani na viatu vyake vimejaa mchanga, hajui aelekee wapi.

Bibi hakuinua hata kichwa.

"We Atusaye, hebu mpe mgeni kiti."