Mfungo wa Mama

"Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya jirani," Tabea alimwambia muuguzi. "Natafuta habari za kweli kuhusu ugonjwa wa kusahau. Kwenye simu kila mtu anasema lake."

Mama yake aliketi kando yake kwenye benchi la zahanati, akikunja na kukunjua pindo la kanga. Kikundi cha maombi kilikuwa kimemfungisha bila chakula tangu juzi, ili pepo la usahaulifu limtoke. Tabea mwenyewe ndiye aliyewaomba, kwa imani yote.

Muuguzi alimfungulia kijitabu. "Mwambie jirani yako hili si pepo, dada. Ni ubongo unaougua. Na asimweke mgonjwa na njaa, atazidi kuchanganyikiwa."

Tabea aliinamisha kichwa.

"Ni huyu mama yangu," alisema. "Nimemfungisha mimi."

Muuguzi alitoa andazi mkobani, akampa mama.

Mama alilimega, akatazama mlangoni, kisha akamsogezea Tabea kipande kikubwa.

"Kula upesi, binti," alinong'ona. "Yule mwanamke anayeninyima chakula asije akatukuta."

Tabea alikishika kile kipande. Mama alikuwa akimtazama, akingoja atafune.