Bi Zuwena Atoa Sauti

Katika kikundi kile cha taarabu, desturi ilikuwa fidla zote zilinganishwe na sauti ya kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kwa vidole, kabla ya kupiga. Lakini jioni ile aliyekaa kwenye kanuni alikuwa Bi Zuwena, mwanamke wa kwanza kikundini kupiga chombo badala ya kuimba. Wapiga fidla wanne, wote wanaume, wakalinganisha nyuzi zao kila mmoja kwa sikio lake, kana kwamba kiti chake ni kitupu.

Walipoanza, kila fidla ilishika njia yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Zuwena akafunika nyuzi kwa viganja.

"Unaona, bibie?" Mzee Shaame, mkubwa wa fidla, alimnong'oneza. "Wanakucheka."

"Mimi sijapiga kitu, mzee wangu. Wanacheka mnachokipiga nyinyi."

Mzee Shaame aliutazama upinde wake, kisha akawatazama wenzake. Hakuna aliyeinua macho.

"Haya," alisema taratibu. "Tupe sauti, Bi Zuwena."

Bi Zuwena akagusa uzi mmoja, akauacha ulie. Vichwa vinne viliinama kusikiliza, naye hakuwa na haraka ya kugusa wa pili.