Kipande cha Mzee Detlefsen

Annegret aliendesha gari kwa saa nane nzima bila kuwasha redio, makasha kumi na mawili ya mvinyo yakigongana nyuma yake. Miaka yote mzigo huu ulikwenda Husum, mji wa pwani ya kaskazini, kwa lori la wasafirishaji. Safari hii aliupeleka mwenyewe, na nyumbani kwao, kando ya mto Mosel, alikuwa amemdanganya baba yake kwamba ana hamu tu ya kuiona bahari.

Hakuifuata bahari. Alikwenda kumpigia magoti mzee asiyemjua, amwombe asiagize tena.

Mzee mwenyewe aliitwa Momme Detlefsen. Alifika kijijini kwao mara moja tu, katika fungate yake, Annegret akiwa bado mchanga. Alionja Riesling, mvinyo mweupe wa kipande cha juu cha shamba lao la mizabibu, pale mlima unaposimama kama ukuta, kisha akamwambia Alfons, baba yake Annegret: "Huu usiache kuutengeneza, ndugu yangu. Nitaunywa mpaka nife." Tangu siku hiyo, kila mwaka aliagiza makasha kumi na mawili.

Kila Desemba Alfons aliwaandikia wateja barua ya habari na safari za familia: baridi ilivyouma, mizabibu ilivyochanua, maonyesho gani waliyahudhuria na nani walikutana naye. Zamani barua hiyo ilikwenda nyumba mia mbili. Wateja wakazeeka, wakafa, na watoto wao wakazoea mvinyo wa bei rahisi wa dukani. Majibu yakapungua mwaka hadi mwaka. La Detlefsen halikukosa hata mara moja.

"Mwandiko wake unazidi kunyooka," Alfons alikuwa akisema, akiliinua jibu hilo dirishani. "Wenzake mikono inatetemeka, yeye anaandika kama mwalimu. Mnaona mvinyo wetu unavyofanya kazi?"

"Kama unampenda hivyo, mzee, si umwoe?" Veit, kaka yake Annegret, akadakia siku moja, na mama yao akacheka hadi supu ikampalia.

Veit ndiye aliyekuwa akikilima kipande cha juu. Trekta haikuweza kufika kule. Alipanda kwa kigari kilichovutwa na kebo ya winchi, mashine ya kuvutia mizigo, na kazi nyingine aliifanya kwa mikono, amejibana kwenye mwamba. Mara nyingi alitaka kiachwe.

"Baba, tunamlimia mtu mmoja!"

"Mmoja anayetungoja," Alfons alijibu.

Aprili mwaka jana kebo ilikatika. Walimkuta Veit chini barabarani, chini ya mawe meusi aliyoporomoka nayo.

Annegret alidhani basi, yameisha. Wiki moja baada ya mazishi alimkuta baba yake, mwenye miaka sabini na minane, akijifunga kamba kiunoni.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Mizabibu imechipua. Mzee Detlefsen nitamwambia nini?"

"Mwambie mwanao amekufa!"

"Nimvunje moyo na yeye? Mtu mzima kama yule?" Alfons alikaza fundo. "Shika huku, au niache niende peke yangu."

Akaishika. Aliishika majira yote ya joto, akaishika hadi mavuno, na kila jiwe lilipoteleza chini ya miguu ya baba yake aliivuta kamba. Mama yao hakutoka tena nje kutazama juu. Desemba barua ikaandikwa kama kawaida. Baridi imekuja mapema, ilisema. Veit hajambo, anawasalimu. Kipande chako kiko salama. Mama alipoisoma aliinuka mezani, na siku tatu hakusema na mumewe. Jibu likaja kwa mwandiko ulionyooka: makasha kumi na mawili.

Masika haya Alfons aliteleza mara mbili. Mara ya pili alining'inia hewani kama gunia, na Annegret akamvuta hadi viganja vikachubuka. Usiku hakulala. Asubuhi akapakia gari.

Mlango wa nyumba ya matofali mekundu ulifunguliwa na mwanamke mzee aliyevaa buti za mpira.

"Mimi ni Annegret, binti yake Alfons. Alfons wa mvinyo."

Yule mama akajishika kifua. "Umekuja mwenyewe! Mimi Frauke, mke wa Momme. Ingia, mwanangu, chai iko mezani."

Annegret hakukaa. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimtoka kwa mkupuo. "Mama, naomba nionane na mzee. Amwandikie baba kwamba inatosha, asipande tena kule juu. Mimi hanisikii. Mzee atamsikia."

Bi Frauke alimtazama, akatoa ufunguo kwenye msumari, akamwongoza hadi ghala la nyuma. Makasha yalipangwa hadi kwenye paa. Kila moja lilikuwa na kamba aliyoifunga Alfons kwa mkono wake, na hakuna hata moja lililofunguliwa.

"Momme alifariki, huu mwaka wa kumi na moja," alisema. "Mimi pombe sinywi. Nilikaa nimwandikie baba yako habari ya msiba, mara ikaingia barua yake. Alisema mteja wa kipande kile amebaki Momme peke yake, na kama si yeye angekiacha kiote magugu. Nikamwonea huruma. Nikaandika agizo mwenyewe, nikatia sahihi ya Momme, na kila mwaka tangu hapo hivyo hivyo."

Alimshika Annegret mkono, uso wake umelainika kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mwambie aache hata leo. Na Veit, hajambo?"