Kanzu ya Marehemu

Katikati ya jukwaa, mchezaji aliinusa kanzu ya kiume, akajilaza juu yake, akaikumbatia. Nusu ya ukumbi ilisimama kushangilia. Wengine walitoka wakisonya.

“Uchuro huu!” mzee mmoja alifoka.

“Nenda zako, babu! Sanaa huijui,” kijana mmoja alimjibu.

Rukia, aliyeketi mstari wa mbele, hakugeuka. Hivyo ndivyo alivyomlilia mumewe akiwa edani, na aliyemwona ni mmoja tu: mdogo wake Saumu, mtunzi wa ngoma hii. Kisha taa ikamulika kifungo cha shingoni, chenye uzi mwekundu. Rukia mwenyewe alikishona kwenye kanzu ya mumewe.

“Dada, kanzu imepotelea kwa dobi,” Saumu alikuwa amemwambia, siku chache baada ya kuichukua akaifulishe.

Rukia alipanda jukwaani, akanyoosha mikono aipokee. Makofi yakazidi. Mchezaji, kanzu kifuani, akamtafuta Saumu kwa macho.